Maswali Mnayoniuliza Kila Wikendi Kuhusu Fumbo la Maneno (na Majibu Yangu, Mengine ya Hasira)

Fumbo gani hilo mnalogombania kila Jumamosi?

Hapa Tabora, kijiwe chetu cha kahawa kisicho mbali na stesheni, kuna mwalimu mstaafu anatutungia fumbo la maneno kila wiki. Anachora gridi kwa rula, visanduku 13 kwa 13, anaandika vidokezo kwa mkono, anapeleka steshenari kutoa kopi, alafu Jumamosi asubuhi anakuja nazo kwenye bahasha ya kaki, anagawa, anaagiza kahawa yake chungu na kashata moja, anakaa pembeni na gazeti kama vile hayamhusu. Sisi tunaumia mpaka adhuhuri. Ukipita hapo ukasikia watu wazima wanapigiana kelele kuhusu neno la herufi nne, ndio sisi.

Kwa mgeni kabisa: maneno ya mlalo yanaenda kushoto kwenda kulia, ya wima yanashuka, yanakatizana, na palipo na makutano herufi lazima ikubaliwe na pande zote mbili. Namba kwenye mabano mwisho wa kidokezo ni idadi ya herufi za jibu. Basi, sheria zimeisha, kilichobaki ni mateso.

La wikendi lina ugumu gani zaidi ya haya ya kawaida ya kwenye magazeti?

Haya ya kawaida yanakuuliza maana. "Mfalme wa nyika (5)", unaandika SIMBA, maisha yanaendelea. La wikendi linakuuliza maana huku limevaa kanzu ya mtu mwingine. Unasoma kidokezo unakielewa kabisa, na hapo ndipo umeshapotea, kwa sababu ulichokielewa sicho.

Wenzetu wamelipanga hili mpaka likawa utaratibu. The New York Times walianza fumbo lao 1942, na siku hizi la Jumatatu ndilo jepesi, linazidi kukaza siku hadi siku mpaka Jumamosi ambalo ndilo gumu kuliko yote. Watu wengi hudhani Jumapili ndiyo kiboko kwa sababu gridi yake ni kubwa, 21 kwa 21 badala ya 15 kwa 15, kumbe Jumapili ni refu tu. Refu na gumu ni vitu viwili, muulize yeyote aliyepanda treni ya kwenda Kigoma.

Mwalimu wetu kachukua Jumamosi ya Wamarekani akaichanganya na ujanja wa Waingereza, ambao kidokezo chao kinakuwa na vipande viwili, kipande kimoja ni maana ya jibu na kingine ni mchezo wa maneno unaokupeleka kwenye jibu hilohilo kwa njia ya uani. Akamwagia vitendawili vyetu juu. Ndio hicho tunachokunywa na kahawa.

Nimekaa nusu saa sijaandika hata neno moja, nianzie wapi?

Kwanza usianze na 1 mlalo. Watu wanaanza na 1 mlalo kwa sababu tu ndiyo ya kwanza, mtunzi analijua hilo, na ndiyo maana anaweka jiwe pale mlangoni.

Pitia vidokezo vyote haraka ukitafuta wingi. Kama kidokezo kiko kwenye wingi na jibu litakuwa wingi, na Kiswahili ni lugha ya ukarimu, kinakupa herufi za mwanzo bure kabisa: WA, VI, MI, MA. Andika kwa penseli nyepesi. Kama kidokezo kinaanza na "kufanya" kitu fulani basi andika KU mwanzoni. Kama ni kitenzi bila KU, weka A mwishoni, ila usiibonyeze sana maana kuna hivi vitenzi vilivyokuja na majahazi, sali, jibu, sahau, samehe, ambavyo haviishii na A na hupenda kujificha humohumo.

Sasa jambo ambalo limenichukua miaka kulielewa. Kwenye Kiswahili irabu ya makutano haikusaidii kitu. Maneno yetu yanaenda konsonanti irabu konsonanti irabu, na karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo ukipata A kwenye kisanduku cha nne usishangilie, ungeweza kuiweka hiyo A huku umefumba macho. Kinachofungua mlango ni konsonanti, na hasa zile ngumu, Z, V, G, F. Nikiwa nimekwama natafuta neno la upande wa pili litakaloniachia konsonanti, sio lile lililo rahisi tu, maana naweza kujaza maneno matatu mepesi yakaniachia A tatu na nikabaki palepale nilipokuwa.

Alafu chunga sana "hu-". Nikisema chunga namaanisha chunga. Kwa kawaida Kiswahili kinamsaliti mtunzi: akiandika "kinakuna nazi" umeshajua jibu ni la ngeli ya ki-vi, akiandika "anakula majani" umeshajua ni mnyama au mtu. Mtunzi mjanja anakimbilia hu-, kwa sababu hu- haibebi ngeli. Ndio ukaona Mwalimu kaandika "Hukuna nazi na hula majani (5)". Ni mashine? Ni mdudu? Ni MBUZI, yule wa malishoni na yule wa jikoni kwa pamoja. Mwenzetu mmoja kopi yake ilikuwa na wino hafifu akasoma "hakuna nazi", akashinda anatafuta sehemu isiyo na nazi, akaja kutuambia jibu ni TABORA, tukamwambia hesabu herufi.

Mwisho, yajue kwa kichwa maneno mafupi yenye sura nyingi. PAA ni juu ya nyumba, ni mnyama, ni kuruka angani, ni kutoa magamba ya samaki. KAA ni wa baharini, ni la moto, ni kuketi. KATA inakata, inateka maji, inakaa kichwani chini ya ndoo, na ina diwani wake. Haya ndio matofali ya mtunzi yeyote.

CH inakaa kisanduku kimoja au viwili?

Viwili. C alafu H. Ukiona C kwenye gridi ya Kiswahili na jirani yake hajajazwa, jirani ni H, usiulize tena, C haitembei peke yake. NG' yenye ritifaa, kile kialama cha juu, inaandikwa N, G, na ritifaa inapotea, kwa hiyo ng'ombe ana visanduku sita. Q na X usizisubirie.

Penseli au peni?

Penseli. Nilitumia peni mwaka fulani kwa majivuno, karatasi ikawa kama daftari la deni la duka.

Kuangalia simu au kamusi inaruhusiwa?

Kwetu kamusi inafunguliwa baada ya kikombe cha pili. Simu mpaka kila mtu mezani akubali ameshindwa, na anayechungulia chini ya meza analipa kahawa ya wote. Kamusi sio wizi, kamusi ni mwamuzi, na tunazo mbili, ya TUKI na ile Kamusi Kuu ya BAKITA, zikitofautiana basi siku hiyo hatumalizi. Tukiwa kwenye mabishano kama neno lipo au halipo mimi nina kanuni yangu: kama mama muuza maandazi analijua na yule kijana wa bodaboda analijua, neno lipo, liwe kwenye kamusi lisiwe.

Mbona mnapenda kumkosoa mtunzi? Si mtunge ya kwenu?

Swali hili huulizwa na watu ambao hawajawahi kupoteza dakika arobaini kwenye kidokezo kibovu.

Ngoja nieleze vizuri. Ukifumbua kidokezo kizuri unapigwa na kitu kama maji ya baridi, unasema ahaa, na hapohapo unajua bila kuuliza mtu kwamba ndicho. Ni kama kitendawili. "Nyumba yangu haina mlango", ukiambiwa yai huna haja ya shahidi. Ugumu wote ulikuwa njiani, ukifika umefika. Kidokezo kibovu ni kinyume chake, unapata jibu na bado una wasiwasi, unamtazama mtunzi usoni ili ujue kama umepata. Kama jibu linahitaji uso wa mtunzi, tatizo ni la mtunzi.

Kuna Mwingereza mmoja aliyekuwa anatunga kwa jina la Afrit, mwaka 1949 alilisema hili kwa namna ambayo sijaona wa kumzidi: mtunzi si lazima amaanishe anachosema, ila lazima aseme anachomaanisha. Soma tena taratibu. Anaruhusiwa kukudanganya kwa sura ya sentensi, anaruhusiwa kukupeleka jikoni wakati jibu liko malishoni, ila ukirudi kuyasoma maneno moja moja kila neno lazima liwe limefanya kazi ya kweli. Uongo uwe kwenye mavazi tu.

Ndio maana nakosoa. Na Mwalimu anajua, maana Jumamosi asipokosolewa anauliza kama tunaumwa.

Haya, la Jumamosi iliyopita mlilionaje?

(Kama kopi yako bado haijajazwa ruka hapa, usije kunilaumu.)

Naanza na sifa maana zipo. "Nyuki huingia, mlevi humaliza, mwenye shida hupiga (6)". MZINGA. Aisee. Nyuki wanaingia kwenye mzinga, na sisi watu wa Tabora mizinga tunaiona inaning'inia kwenye miombo tangu utoto kwa hiyo ilikuwa mbele ya macho yetu muda wote. Mlevi anamaliza mzinga wa pombe kali. Na mwenye shida anapiga mzinga, yaani anakuomba hela, ambacho ni kitu kilichonipata mimi dakika kumi kabla sijakaa kwenye hicho kiti. Maana tatu, hu- tatu, hakuna neno la ziada. Hiki ni kidokezo cha mwaka kwangu, nasema bila aibu.

"Aombe Mungu apate mazao ya nyuki (5)" ndiyo ilikuwa 1 mlalo, jiwe la mlangoni. Wote tuliandika NTA kichwani tukakuta herufi tatu tukaachana nayo. Jibu ni ASALI: kuomba Mungu ni kusali, "aombe" ni "asali", na mazao ya nyuki ndiyo hiyo asali yenyewe. Neno "apate" limekaa katikati kama daraja na wala halidanganyi. Kosa dogo, kwenye fumbo moja kuna nyuki mara mbili, asali na mzinga, mtu akifumbua moja anainusa ya pili. Mwalimu alijitetea kwamba Tabora bila nyuki haipo. Nimekubali nusu.

"Ilivyo pilipili, kisha waridi kwa mfano, njia mbili za treni zikiachana (6)". Pilipili ilivyo? Kali. Waridi kwa mfano? Ua. KALIUA, pale treni ya Mpanda inapomuacha wa Kigoma aendelee na safari yake. Nimepita pale mara ngapi na sijawahi kuona kwamba jina la stesheni lina pilipili na maua ndani yake, sasa siwezi tena kutoliona.

"Mji wa kale wa ziwani wenye jiji tumboni (5)" ilimfurahisha sana jamaa yetu wa Kigoma, anakuja na treni mara mojamoja na akija tunamuachia vyote vya ziwa. UJIJI, jiji limo humohumo. Alisema kwa uchungu wa kuchekesha kwamba sisi wa Kigoma tunalo jiji ndani ya jina ila kwenye makaratasi ni manispaa.

"Mali imegeuza silabi, shika jembe (4)". LIMA. Hapa napenda kwamba Mwalimu kaelewa lugha yake. Waingereza hugeuza herufi, wanalisoma neno kutoka nyuma wanapata neno jingine. Sisi tukigeuza herufi tunapata takataka maana neno lililoishia na irabu sasa linaanza nayo, MALI inakuwa ILAM. Ila tukigeuza silabi, kama wazee wa pwani walivyocheza kinyume, tunapata hazina: mali na lima, taka na kata. Mchezo wa kwetu unataka kisu cha kwetu.

Sasa mabaya.

"Kiongozi (4)". Basi, neno moja hilo, hakuna kingine. MKUU? BOSI? MEYA? RAIS? Wote viongozi, wote herufi nne. Tulijaza MKUU, tukakaa nayo, mpaka mtu akaona kwamba inakatizana na "Migebuka na kuhe, kwa mfano (6)" na hakuna namna SAMAKI ataanza na U. Kwa hiyo RAIS. Hiki sio kidokezo, ni orodha ya wageni waalikwa. Na kinachouma ni kwamba RAIS ni moja ya maneno machache sana ya Kiswahili yanayoishia na konsonanti, yaani Mwalimu alikuwa na dhahabu mkononi akaitupa. Ningeandika hivi: "Kiongozi asiyemaliza kwa irabu (4)". Kinasikika kama habari ya siasa, kumbe ni tahajia.

"Wese la mchikichi (6)", jibu MAWESE. Hapana jamani. Wese na mawese ni neno lilelile limevaa kofia, unaniuliza na kunijibu ndani ya pumzi moja. Kuna mtu alisema mbona UJIJI nayo imetoa "jiji" waziwazi. Tofauti ipo: jiji na Ujiji hazihusiani kimaana, zimekutana kwa herufi tu na hapo ndipo utamu ulipo, wakati wese na mawese ni ndugu wa tumbo moja. Kama alitaka kutumia wese angelipeleka mtaani, ambako wese ni la gari: "Huku jikoni Kigoma, bila mwanzo huku tangini (6)". Ondoa MA ya mwanzo, WESE liko kwenye tangi la bodaboda. Sio nzuri sana hii yangu, nakubali, ila angalau mtu atavuja jasho kidogo.

"Wanaovua dagaa (5)", jibu MVUVI. Hili ni kosa la sarufi na kwa mwalimu ni aibu, nilimwambia hivyohivyo kwa heshima. Kidokezo wingi, jibu umoja. Mimi kwa kufuata sheria nilizokueleza hapo juu niliandika WA bila kufikiri, herufi mbili za uongo zikaniharibia kona nzima ya kusini magharibi. Jamaa wa Kigoma akatoa la kwake hapohapo huku anatafuna kashata: "Mbalamwezi ikiwaka hawa hulala nyumbani (6)". WAVUVI. Kwa asiyejua, dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haivuti samaki, kwa hiyo wavuvi wanapumzika. Meza nzima ilinyamaza. Ukiwa unalijua jambo lenyewe kidokezo kinajileta, huhitaji hata kuwa mtunzi.

"Irabu imebeba mfuko uliokatazwa, tunafika wilayani (6)" ilitugawa. URAMBO, U na rambo. Vijana wawili walilalamika kwamba mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019 na neno rambo linakufa nayo, eti ni kuwaonea. Mimi nasema ni halali, neno halifi kwa tangazo la serikali, na hata leo mtu akiuliza "una rambo hapo?" anapewa mfuko wowote ule.

Na ile kona ya L na E iliyowashinda wote?

Sio L, ni E. Hiyo nimeitengea nafasi yake kwa sababu ndio dhambi kubwa kuliko zote.

Mlalo ilikuwa: "Meli ya Liemba ilipobatizwa mara ya kwanza, neno la mwisho (6)". Ni GOTZEN. Meli ilijengwa Papenburg Ujerumani 1913, ikaitwa Graf von Götzen, jina la gavana wa Kijerumani, ikafika Kigoma vipandevipande kwa reli, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, ikaopolewa 1924, na 1927 ikarudi kazini ikiwa Liemba. Historia tamu, sina ugomvi. Ila Mjerumani ile O yenye vitone akikosa vitone anaandika OE, inakuwa herufi saba.

Iliyokatizana nayo wima: "Mirambo kabla hajawa Mirambo (6)". Jina la kwanza la huyo mtemi wa Wanyamwezi vitabu vingine vinaliandika MTYELA, vingine MTELYA. Kisanduku cha makutano ni cha nne. Ukiandika kwa namna moja unapata E, ukiandika kwa nyingine unapata L. Na upande wa mlalo ni jina la Mjerumani ambalo hakuna konsonanti wala irabu unayoweza kuibahatisha.

Yaani jina ambalo huwezi kulikisia limekutana na jina ambalo huwezi kulikisia, kwenye kisanduku ambacho hakuna njia nyingine ya kukifikia. Hapo akili haifanyi kazi tena, ni bahati nasibu. Wamarekani wana jina kabisa la kitu hiki, wanakiita Natick, kutokana na mji wa Natick kule Massachusetts: mwaka 2008 herufi ya kwanza ya mji huo ilikatizana na herufi za majina ya mchoraji N.C. Wyeth, na watu wengi hawakujua huu wala huyu. Sisi kijiweni tangu Jumamosi tunaita "Götzen". Mtu akitunga kitu kisichofikika tunamwambia umetupiga Götzen.

Kutumia majina ya watu na ya mahali sio kosa. MALAGARASI ilikuwepo mlalo na imekaa vizuri sana, herufi kumi, A nne, kila mtu anaujua mto huo. Kosa ni kuyakutanisha mawili magumu. Jina gumu lipitishwe na maneno mepesi pande zote, kama mgeni anayesindikizwa.

Haya mambo yalianzia wapi?

New York, tarehe 21 Desemba 1913, gazeti la New York World, na aliyetunga ni Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool. Gridi yake ilikuwa na umbo la almasi. Gazeti la The Times la London lilikaza shingo mpaka 1930 ndipo likaanza la kwake.

Kisa ninachokipenda ni cha 1944. Wiki chache kabla ya majeshi ya Washirika kuvuka kwenda Normandy kule Ufaransa, kwenye fumbo la Daily Telegraph yakaanza kutokea majibu kama Utah, Omaha, Mulberry, Neptune, Overlord, yote maneno ya siri ya jeshi. Maofisa wa usalama wakamfuata mtunzi, Leonard Dawe, naye alikuwa mwalimu mkuu wa shule. Nilipomsimulia Mwalimu wetu alicheka mpaka akamwaga kahawa, akasema kumbe kazi hii ina heshima zake.

Kwa nini gridi ukiigeuza kichwa chini inabaki vilevile?

Ni desturi, visanduku vyeusi vinapangwa ili ukiizungusha karatasi nusu mzunguko picha isibadilike. Hakuna faida ya kufumbua hapo, ni urembo tu, kama kusuka ukili wa mkeka. Mwalimu ni mkali sana kwa hilo. Kwa Wamarekani pia hairuhusiwi neno la herufi mbili. Sisi tunaruhusu mawili kwa gridi, na karibu kila mara moja ni UA.

Nataka kuanza kutunga, nifanyeje?

Anza na gridi ndogo, 7 kwa 7. Weka maneno mawili marefu unayoyapenda kwanza, alafu jenga kuyazunguka, usianze kona ya juu kushuka chini maana utafika katikati umezungukwa na A na I hujui pa kwenda. Tatizo la Kiswahili ni kwamba gridi inajaa kirahisi mno, irabu zinakubaliana na kila kitu, kwa hiyo unaishia na maneno ya hovyo hovyo bila kujua. Futa. Neno ambalo huwezi kulitungia kidokezo cha kukufurahisha wewe mwenyewe halifai kukaa pale hata kama linaenea.

Vidokezo andika siku nyingine, ukiwa umeshalala. Kisha umpe mtu mmoja, sio rafiki yako sana, ajaze mbele yako na wewe kaa kimya. Kimya kweli. Ukijikuta unataka kusema "hapo nilimaanisha..." basi kidokezo hicho kimekufa, kizike. Na kila kidokezo kipime hivi: kuna maana sahihi ya jibu? Kuna njia ya haki ya kufika? Kuna neno ambalo halina kazi? Waingereza waliomfuata mtunzi mmoja aliyejiita Ximenes wanashikilia mambo hayo matatu kama sala, na ukijaribu utaona la tatu ndilo gumu, kila neno la ziada linaonekana zuri ukiwa umeliandika wewe.

Tukiona kosa, tumwambieje Mwalimu?

Shikamoo kwanza. Alafu sifia moja la kweli, alafu kosa, alafu na wewe uwe umekuja na la kwako la kuweka badala yake. Anayekosoa bila mbadala hapewi kopi wiki inayofuata, hii sio mzaha, kuna mtu alikaa wiki mbili anasomea begani kwa jirani.

Ile ya RAIS aliikubali, akatoa penseli akaandika nyuma ya bahasha. Ya MVUVI alinyamaza muda mrefu. Ya Götzen alikataa katakata, akasema mtu wa Tabora asiyejua jina la Mirambo anataka nini kwenye kiti hiki.

Nimeshindwa kabisa, naomba majibu yote.

Nipe mji. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, ukishindwa kitendawili unatoa mji ndipo unaambiwa. Jumamosi iliyopita nilipokwama kwenye ile E nilimpa Mwalimu Ujiji, akaukataa, akasema mji huo uko ndani ya gridi yangu, huwezi kunilipa kwa hela niliyokupa mwenyewe. Nikampa Nzega, akaupokea, akakunja gazeti, akaniambia ni E.